Uvimbe mkali wa ubongo: kumuuguza ndugu ukiwa Lubumbashi, tangu skana ya kwanza

Siku jibu la skana linapotoka, jambo la kwanza ukoo unalofanya ni kuitana na kuhesabu mali. Gari la nani liuzwe, lupango (kiwanja) gani wa mtaa wa Katuba una hati, nani yuko Ulaya. Kwetu, tulipokuwa tunamuuguza baba mdogo, mnunuzi wa lupango alipatikana kabla ya mtu yeyote kutueleza uvimbe wenyewe ni wa aina gani. Nimeliona jambo hilo hilo kwa majirani wawili baadaye.

Namwandikia yule mmoja atakayebaki na mgonjwa kikao cha ukoo kikiisha: mke, binti, mdogo wa mwisho asiye na kazi. Mimi si daktari, nilikuwa ndiye huyo mmoja. Dozi ninazozitaja ni za kukusaidia kuielewa karatasi ya daktari na kumuuliza maswali, si za kumpimia mgonjwa nyumbani.

Hatua ya 1: jina la ugonjwa kwanza, pesa baadaye

Skana ya kichwa inaonyesha kivuli na maji yaliyokizunguka. Haionyeshi jina. Huku kwetu magonjwa mengi hutoa picha inayofanana na saratani: toksoplasmosi kwa mtu mwenye VVU, kifua kikuu kilichoingia ubongoni, jipu, mabuu ya tegu wa nguruwe, au saratani iliyoanzia kwenye titi au pafu ikapanda kichwani. Baadhi ya hayo hupona kwa vidonge. Kwa hiyo kabla neno saratani halijatamkwa barazani, ombeni kipimo cha VVU, picha ya kifua na vipimo vya damu, kisha IRM (picha ya sumaku, MRI kwa Kiingereza) yenye dawa ya kung'arisha picha.

Uvimbe mkali kuliko mwingine kwa watu wazima, ule unaoanzia ubongoni, huitwa glioblastoma. Ni daraja la 4 katika mizani ya Shirika la Afya Duniani. Hauambukizi, na kwa walio wengi haurithiwi. Mara nyingi chanzo hakijulikani; cha nje kilichothibitika vizuri ni mionzi mikali iliyowahi kupigwa kichwani zamani. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwetu shangazi alishutumiwa ulozi wiki tatu nzima, na mgonjwa akakataa chakula chake. Wiki tatu hizo tulizihitaji kwa kazi nyingine.

Jina la uhakika linatoka kwenye kipande cha uvimbe kilichotazamwa kwa darubini. Kipande hicho huhifadhiwa ndani ya kibonge cha nta. Kiulizieni na muandike kiko maabara gani, maana mkienda kutibiwa nje hospitali ya kule itakitaka, na kikipotea watu wanaweza kuzungumzia kufungua kichwa mara ya pili. Kwenye jibu mnaweza kukuta vifupisho viwili, vya jeni za uvimbe. IDH: tangu uainishaji wa 2021, glioblastoma ni uvimbe usio na badiliko la IDH, wenye badiliko hilo una jina lingine, na wagonjwa wake huishi zaidi. MGMT: jibu likisema imefungwa na methili, kuna matumaini zaidi kwamba vidonge vya kemo (dawa za kuua saratani) vitafanya kazi. Maabara ikishindwa kupima hivyo viwili, matibabu yasisubiri.

Asubuhi ya siku ya kwanza nunueni daftari. Mtu mmoja alishike, na awe yeye peke yake wa kuzungumza na madaktari. Humo mnaandika tarehe, dawa, saa, degedege limechukua dakika ngapi, nani kachanga franka ngapi. Katika vitu vyote tulivyonunua, hicho ndicho kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho daktari wa Lusaka alichokiomba kwanza.

Hatua ya 2: deksametasoni, rafiki mwenye makali pande mbili

Wiki za kwanza, kinachomlaza mgonjwa mara nyingi si uvimbe wenyewe, ni maji yanayovimba pembeni yake. Deksametasoni huyapunguza, na unaweza kuona mabadiliko ndani ya siku moja au mbili. Baba mdogo Jumatatu hakuweza kufunga kifungo cha shati. Jumatano alishika kikombe cha chai mwenyewe. Wageni wakaanza kushukuru kwamba amepona. Hajapona, maji yamepungua tu, na uvimbe uko pale pale.

Kwa kawaida daktari huanza kati ya miligramu 4 na 16 kwa siku, kisha hushuka pole pole hadi kiasi kidogo kabisa kinachomtosha mgonjwa. Dozi ya mwisho isivuke mchana, kwa sababu inafukuza usingizi. Ukimpa jioni, nyumba nzima itakesha naye. Mpeni pamoja na chakula, na muulizeni daktari kama anahitaji dawa ya kulinda tumbo.

Kosa kubwa nililoliona ni kuikata ghafla kwa kuwa imeisha na pesa haipo, au kwa kuwa mgonjwa "amekuwa mzima". Mwili uliozoea dawa hii kwa wiki kadhaa huwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukiikata siku moja, mtu anaweza kuanguka, kutapika, presha kushuka, na maji ya kichwani kurudi kwa nguvu. Inapunguzwa kwa ngazi alizoziandika daktari. Ni dawa ya bei nafuu, kwa hiyo kabla ya kuchangia tiketi ya ndege changieni kwanza akiba ya wiki mbili ya deksametasoni.

Yapo ya kuangalia kila wiki. Sukari hupanda, hata kwa mtu asiyewahi kuwa na kisukari. Akikojoa sana na kunywa maji kupita kawaida, apimwe, na zile soda wanazoleta wageni zikae pembeni. Utando mweupe mdomoni ni fangasi, una dawa yake. Mapaja hulegea: anashindwa kuinuka kwenye kiti kifupi, na familia inadhani uvimbe umehamia miguuni. Mwambieni daktari, mara nyingi ni dawa. Njaa na hasira vitakuwepo. Bukari (ugali) inaliwa sahani mbili na bado anagomba.

Na swali moja ambalo wachache huuliza. Kuna mnyoo uitwao strongiloidi, unaoingia kwa kupita kwenye ngozi ya mguu, unaokaa kimya tumboni miaka mingi. Dawa za jamii ya deksametasoni zinaweza kuuamsha ukasambaa mwilini na kuua. Kwa mtu aliyekulia huku kwetu akitembea peku shambani, muulizeni daktari kama apewe ivermektini mapema.

Hatua ya 3: kifafa ndani ya nyumba

Wengi huugundua ugonjwa huu kwa degedege la kwanza. Aliyewahi kupata degedege atapewa dawa ya kila siku. Asiyewahi hana haja ya kunywa dawa ya kinga kwa muda mrefu, isipokuwa kwa siku chache za upasuaji kama daktari akiona hivyo.

Levetirasetamu ndiyo inayopendwa, maana haigombani sana na dawa nyingine, ingawa humfanya mgonjwa fulani awe mkali au mwenye huzuni. Katika famasia nyingi za mtaani utakayoikuta kwa urahisi ni fenobarbitali au karbamazepini. Zinazuia kifafa, lakini zinalifanya ini limalize haraka deksametasoni na hata vidonge vya uzazi wa mpango. Zikianza au zikibadilishwa, daktari ajue mgonjwa yuko kwenye deksametasoni. Fenobarbitali nayo haiachwi ghafla: kuiacha peke yake kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Kuna mahali pa maombi ambapo mgonjwa huambiwa atupe vidonge ili aonyeshe imani. Nimesali sana na baba mdogo, na kila tuliposema amina tulimpa kidonge chake.

Degedege likija, tazameni saa. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, fungueni kola. Msitie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji, wala mafuta ya maombi. Msimkandamize mikono. Likivuka dakika 5, au jingine likifuata kabla hajarudiwa na fahamu, ni dharura: hospitali mara moja. Kama daktari amewaachia diazepamu ya kutia kwa njia ya haja kubwa, nesi awafundishe kabla ya siku yenyewe, watu wawili katika nyumba, si mmoja.

Panga nyumba pia. Mbabula (jiko la makaa) ikae nje ya njia yake, na asiachwe peke yake jikoni. Mlango wa bafu usifungwe kwa ndani. Gari hapana, na kukaa nyuma ya pikipiki pia hapana, hata kama ni safari ya dakika tano kwenda sokoni mtaa wa Kenya.

Hatua ya 4: upasuaji

Lengo ni kutoa kiasi kikubwa kinachotoleka bila kumharibia mtu kusema au kutembea. Uvimbe huu huwa na mizizi ndani ya ubongo unaoonekana mzima, kwa hiyo daktari akisema "tumeutoa wote" ana maana ya ule unaoonekana kwenye picha. Muulizeni mambo matatu: mtatoa au mtachukua kipande tu, nini kinaweza kupotea, na mionzi itaanza lini na wapi. La tatu ndilo linalosahaulika. Kwa kawaida mionzi huanza kati ya wiki 3 na 6 baada ya upasuaji, na wiki hizo huliwa zote na pasipoti. Anzeni karatasi kabla ya kisu.

Hatua ya 5: mionzi, na swali la kuuza lupango

Matibabu yanayofuatwa duniani yalitokana na utafiti uliotolewa mwaka 2005, uliokuwa na wagonjwa 573. Waliopewa mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12.1. Walioongezewa vidonge vya temozolomidi, nusu yao walivuka miezi 14.6. Baada ya miaka miwili walikuwa hai 26.5 katika kila 100 wa kundi la vidonge, na 10.4 wa kundi la mionzi tu.

Zisomeni takwimu hizo mara mbili kabla ya kikao. Si kupona, lakini si bure pia: robo nzima walivuka miaka miwili. Waliopimwa hata hivyo walikuwa watu wa miaka 70 kushuka chini, na wenye nguvu kiasi cha kujihudumia. Mzee wa miaka 75 asiyeinuka kitandani hayumo ndani ya hesabu ile.

Mpango wa kawaida ni vipindi 30 vya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Kwa mzee au aliyedhoofika kuna mpango mfupi wa vipindi 15, wiki 3, na kuna mifupi zaidi ya hapo. Familia nyingi huuona ule mfupi kama tiba ya maskini. Sivyo, kwa wagonjwa wa namna hiyo wiki 6 haziwapi maisha zaidi, zinawapa safari zaidi. Ukisikia daktari anataja Karnofsky, ni alama kutoka 0 hadi 100 za uwezo wa mgonjwa kujifanyia mambo. Mwenye 70 anajihudumia ingawa hawezi kufanya kazi. Ulizeni alama yake ni ngapi, kwa kuwa ndiyo inayoamua njia.

Kutoka Lubumbashi, njia ya karibu ni Lusaka, kwenye Cancer Diseases Hospital iliyofunguliwa rasmi 2007. Wengine hufika India au Afrika Kusini. Kabla ya kununua tiketi yoyote pigeni simu, na simu isiwe ya dalali: mashine inafanya kazi wiki hii? Foleni ni ya muda gani? Bei ni ya mionzi tu, au na picha za kupanga, na barakoa ya plastiki inayotengenezwa kwa umbo la uso wake? Mashine za mionzi huharibika kila mahali duniani, na kuijua habari hiyo ukiwa umeshavuka mpaka kunauma.

Hesabuni gharama kwa watu wawili, si mmoja, kwa siku 50. Kitanda, chakula, teksi ya kila siku, vipimo vya damu. Mionzi yenyewe mara nyingi siyo inayowafilisi watu. Ni kodi ya chumba. Jumla ikihitaji kuuza nyumba wanamolala watoto, na mgonjwa ana alama 40, mimi ningesema hapana, na nilisema hivyo kwa jirani yangu mmoja akanichukia kwa muda.

Mfuko wa safari uwe na pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, picha za IRM kwenye diski na si karatasi ya jibu peke yake, jibu la darubini, kibonge cha nta, na ripoti zote za Kifaransa zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Sisi tulipoteza siku nne Lusaka kwa ajili ya karatasi tatu za Kifaransa. Kibemba chetu cha huku kilitufikisha sokoni tu. Mpakani Kasumbalesa, foleni ya malori inaweza kuwala nusu siku: dawa za kifafa na deksametasoni zikae mkononi, si kwenye buti la gari. Mkipanda ndege baada ya upasuaji, daktari aliyempasua ndiye aseme ni lini, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya fuvu hutanuka angani.

Hatua ya 6: temozolomidi nyumbani

Wakati wa mionzi hunywewa kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa dozi ndogo. Baada ya mionzi mgonjwa hupumzika wiki 4. Kisha dozi kubwa zaidi, siku 5 tu katika kila siku 28, kwa kawaida mizunguko 6. Kuchanganya hizo mbili, yaani kunywa dozi kubwa kila siku, kunaweza kuua.

Vidonge huja kwa uzito tofauti: miligramu 5, 20, 100, 140, 180, 250. Dozi moja inaweza kuwa ya vidonge vya rangi tatu. Tulitengeneza bahasha, moja kwa kila siku, tarehe juu yake, na nesi akazikagua. Anakunywa tumbo likiwa tupu, usiku kabla ya kulala, na dawa ya kichefuchefu nusu saa hadi saa moja kabla. Akitapika baada ya kunywa, asirudie siku ile. Kapsuli haifunguliwi wala haisagwi, na mwanamke mwenye mimba asiishike. Kabati liwe mbali na jiko. Oktoba yetu, na umeme ukikatika, chumba cha bati kinavuka digrii 30.

Damu hupimwa kila wiki wakati wa mionzi, na kabla ya kila mzunguko. Chembe sahani (zinazogandisha damu) zikiwa chini ya 100,000, au neutrofili (chembe nyeupe za kinga) chini ya 1,500, mzunguko husubiri. Kusubiri wiki moja hakuharibu tiba. Katika kipindi cha mionzi na vidonge pamoja, muulizeni daktari kuhusu kotrimoksazoli, Bactrim ile ile ya kila siku, ya kulinda mapafu.

Mizizi na majani ya mganga: sitaki kumtukana mtu, lakini ini lile lile linalobeba temozolomidi na dawa ya kifafa ndilo litakalobeba na hiyo chupa. Daktari aambiwe jina lake, hata kwa aibu.

Hatua ya 7: siku za kukimbia hospitali

Homa ya digrii 38 na zaidi kwa aliye kwenye kemo haitibiwi kama malaria ya kawaida nyumbani. Apimwe malaria na chembe nyeupe siku ile ile. Anaweza kuwa na vyote viwili, na deksametasoni huificha homa, kwa hiyo hata 37.8 akiwa amenyong'onyea tusiidharau.

Mguu mmoja uliovimba na kuuma, au pumzi iliyokata ghafla, ni damu iliyoganda. Wenye uvimbe huu hupata jambo hilo mara nyingi kuliko watu wengine. Usiukande mguu huo kwa mafuta ya moto. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika na usingizi usioamka ni maji yanayorudi. Kutokwa damu puani au vidoa vyekundu kwenye ngozi ni chembe sahani zilizopungua.

Hatua ya 8: mtu mwenyewe akibadilika

Hili ndilo lililotuchosha kuliko dawa zote. Uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumfanya mtu mstaarabu atukane wakwe, agawe pesa, au akae kimya siku nzima bila kutaka lolote. Mama mdogo alidhani anadharauliwa. Waelezeni watoto mapema kwamba ni ugonjwa unaosema.

Akipoteza maneno, msimmalizie sentensi. Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, redio ikiwa imezimwa. Wageni wawili wanatosha kwa wakati mmoja, na mchana mna haki ya kufunga mlango.

Akiwa bado na akili timamu, kaeni naye kuhusu karatasi: cheti cha ndoa, hati ya lupango, nambari ya siri ya pesa za simu, nani awalee watoto, anataka kuzikwa wapi. Sisi tuliliepuka, tukaliita kumuombea kifo. Miezi minne baadaye hakuweza tena kutia sahihi, na mjane ndiye aliyelipa gharama ya heshima yetu hiyo.

Hatua ya 9: uvimbe ukirudi

Karibu wote hurudi. Ila picha mbaya ndani ya miezi 3 baada ya mionzi inaweza kuwa kovu na maji tu, si uvimbe. Kama mgonjwa hajadhoofika, madaktari huendelea na dawa na kurudia picha. Baadaye kuna lomustini (vidonge vingine vya kemo), upasuaji wa pili kwa wachache, na bevasizumabu, ambayo hupunguza maji na huweza kupunguza haja ya deksametasoni lakini haijaonyeshwa kurefusha maisha. Mtu akiwaomba maelfu ya dola kwa hiyo ya mwisho, swali lenu liwe: itampa nini mwezi ujao?

Kumuuguza bila kemo si kumtelekeza. Kichwa kikiuma kupita parasetamoli, omba morfini ya maji. Inanyweka nyumbani, na dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile. Mgeuzeni kila saa 2, kausheni mikunjo ya ngozi, safisheni mdomo kwa kitambaa laini. Akianza kukohoa kila anapomeza, acheni sombe (kisamvu) na kapenta (dagaa), mpeni uji mzito kwa kijiko kidogo akiwa ameketi wima. Asiyeamka vizuri asitiwe kitu mdomoni, hata maji ya upendo.

Wiki za mwisho atalala zaidi na zaidi, na kwa wengi hakuna maumivu makubwa. Wakati ambao hamezi tena, dawa ya kifafa lazima ipate njia nyingine, ya haja kubwa au sindano ya chini ya ngozi. Pangeni na nesi kabla ya siku hiyo, na muandike kwenye ukurasa wa mbele wa daftari nambari ya nani apigiwe usiku. Kama mko nje ya nchi na daktari anasema zimebaki wiki, rudini akiwa hai. Kusafirisha mwili kupitia mpakani kuna gharama na karatasi nyingi kuliko tiketi ya mgonjwa.

Temozolomidi na morfini zilizobaki msizitupe chooni wala msimuuzie jirani mwenye saratani nyingine. Zirudisheni famasia ya hospitali ndani ya bahasha zake, pamoja na nakala ya kurasa za dozi.